Ndoo ya Kifuniko Jikoni kwa Mama Inge

Nyamiaga, Ngara

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia kabla msomaji hajamaliza neno, basi marahaba yako nimeipokea huku. Goti linaendeleaje? Kama bado unajitwika ndoo ya maji kwa ukaidi wako, acha, maana wa kukuchua sipo. Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno, na juma hili lote moyo wangu ulikuwa mzito. Padre nimeshamweleza, lakini naona nitatulia nikikueleza wewe.

Unajua napika kwa mzungu mmoja muuguzi, Mama Inge, anayetibu wakimbizi kambini. Siku ya kwanza alinionyesha ndoo nyeupe yenye kifuniko, ndani imevishwa mfuko safi, akasema neno moja la Kiingereza: bini. Akadondosha kopo humo, akaenda zake kazini. Sasa Mayu, mimi niliyelelewa na wewe, chombo chenye kifuniko nakijua ni cha nini. Kwetu kinachofunikwa kinatunzwa. Maganda tunawapa mbuzi, majivu tunapeleka shambani, na hakuna kinachobaki cha kutafutiwa ndoo. Nikajua bini ni mahali anapoweka vitu vyake akiwa na haraka, ili mimi nivioshe na kuvipanga. Basi nikaosha. Makopo ya maziwa, chupa, mikebe ya dagaa wa kizungu, vyote vikang'aa ndani ya stoo ambayo yeye haifungui kamwe. Nilijiona hodari kuliko wapishi wote wa Ngara.

Anayefua ni Daforoza, mkimbizi kutoka Burundi, rika langu. Huja asubuhi na kibali chake cha kutoka kambini, jioni hurudi. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika ndizi na maharage ya huku, na nilipolazwa na malaria alinifulia hata nguo za ndani. Tunaitana mugenzi, yaani rafiki kwa lugha yake.

Alhamisi Mama Inge akiwa Mwanza, askari wa getini alipekua kikapu cha Daforoza, kama anavyotupekua sote tukitoka. Akakuta sweta la Mama Inge lililotoboka viwiko. Daforoza akasema amelitoa kwenye bini, alitaka kulifumua ili nyuzi zake amfumie mwanawe. Askari hakumwamini, akaniita mimi, akaniuliza sweta ni la nani.

"La Mama Inge," nikasema.

"Alimpa huyu?"

"Hapana. Lilikuwa kwenye bini, ndoo anayowekea vitu vyake."

Nilisema kwa kinywa kipana, kama shahidi mwema. Daforoza alinitazama. Askari akamnyang'anya kibali na kumwambia asirudi. Bila kibali hatoki kambini, na bila kazi ile mwanawe angebaki na mahindi ya mgawo tu. Nilimhurumia, lakini nilijiambia kuwa mwizi ni mwizi.

Jumatatu Mama Inge alirudi, akamuulizia mfuaji wake. Askari akaleta sweta kwa fahari. Yule mama akashangaa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kama lilikuwa kwenye bini. Nikamjibu ndiyo, ndiyo maana nikajua ni lake, na vingine vyote nimemtunzia. Nikamfungulia stoo. Alipoona makopo yale alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. Akachukua kopo moja, akalitia ndooni, akafunika, akakung'uta mikono.

"Mimi, basi," akasema. "Mtu akichukua, ni lake."

Nilikaa palepale sakafuni. Nilimharibia rafiki yangu riziki kwa neno nisilolijua, na ningeweza kuuliza tangu siku ya kwanza. Ulitufundisha kwamba kuuliza si ujinga, lakini mimi niliogopa kuonekana mshamba. Naona aibu hadi leo ninapoandika.

Siku hiyohiyo Mama Inge alinipakia garini tukaenda kambini, kibali anacho mkononi. Daforoza alikuwa nje ya kibanda chake cha turubai anachambua maharage. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, pamoja na maana ya bini: kitu kinachotiwa humo mwenyewe amekitupa, na anayekiokota hajaiba. Alinisikiliza hadi mwisho. Akapokea sweta, akalikunjua mapajani, kisha akaniuliza.

"Kwangu niliacha kitanda, vyungu na mbuzi watatu. Hao wanaokaa mle sasa, wanadhani nilivitupa?"

Akalikunja sweta tena.

"Sikuvitupa, mugenzi. Nilifunga mlango."

Tulilia sote wawili, na Mama Inge akatugeuzia mgongo kutusitiri. Daforoza amesharudi kazini. Leo amefua mashuka, na akiniona nimeshika kopo ananiuliza kama nalitunza. Kwa hiyo najua amenisamehe.

Nisalimie mjomba Masunga mchunga ng'ombe wetu, na shangazi Holo, mwambie chumvi anazotia kwenye hadithi za magonjwa yake nazikumbuka zote. Msomaji wa barua hii naye ashukuriwe, umpe maziwa.

Na Minza mwanangu umwite akae karibu, asikie mwenyewe. Uliniandikishia barua kwamba kisimani watoto wenzake humwambia mama yake alimtupa, nami niliondoka yuko shuleni bila kumuaga. Minza, nimekuacha kwa bibi yako. Sikukutupa.

Ni mimi mwanao,
Kabula