Seva Waliyokusingizia

Ami yangu, Adeer Yusuf,

Nilidhani nikikuandikia nitalia. Silii. Nimekasirika.

Wanasema wewe ndiye uliyeangusha kliniki zetu. Jana mkutanoni mkubwa wetu alianza hivi: "Marehemu, Allah ha u naxariisto, lakini ile seva yake aliweka vibaya." Na kila aliyesema baada yake alikuombea rehema kwanza, kisha akakutupia lawama. Kwa mdomo uleule! Adabu gani hiyo?

Unakumbuka ulivyonifundisha? Kompyuta za kliniki zinajua mashine zinazotunza mafaili kwa majina tu, na seva hiyo ndiyo inayoziambia kila jina linakaa wapi. Ikinyamaza, mafaili yote yapo salama lakini hakuna anayeyafikia. Ndiyo maana ukaweka ukaguzi unaoiuliza jina na kungoja jibu. Ulisema kwenu Buna mtu hatosheki kuona ngamia amesimama, humpelekea maji aone kama atakunywa.

Basi ulipozikwa tu, mkubwa akachoshwa na simu yake kulia kila seva ilipochelewa kujibu. Akauzima ukaguzi huo mwenyewe, nami nikimkataza. Akaacha ule unaotazama tu kama programu imewaka. Juzi seva ikaganda. Skrini ya ofisini ilikaa kijani asubuhi nzima, kana kwamba yote ni shwari, na huko Bute muuguzi alihangaika na mama anayetoka damu, asiweze kufungua faili ajue kundi la damu yake. Mama yule yu hai, alhamdulillahi. Sisi hatukumsaidia kwa lolote.

Na wewe pia nimekukasirikia! Kila asubuhi uliipima seva kabla hata ya chai, halafu kifua kilichokuuma hukukipeleka popote. "Ni gesi tu, Hodan." Gesi! Ukaniacha na watu hawa.

Mkeo Habiba ameyasikia maneno yao dukani hapa mtaani Iftin. Watoto wako wameyasikia. Leo nilikwenda kwake nikamweleza ilivyokuwa. Aliniuliza tu kama nitayarudia mbele ya hao wanaokulaumu.

Nitayarudia. Pumzika, Adeer, Mungu akupanulie kaburi. Kesho wakikaa tena mkutanoni nitasimama nimwonyeshe aliyeuzima ukaguzi wako, naye akiwa amekaa palepale, hata kama keshokutwa sina kazi.

Hodan