Matairi Niliyoyajaza Upepo

Zuleha mwanangu,

Ongeza maji kwenye maharage. Mbuzi hajala.

Nimekimbilia Old Moshi kwenye mashindano ya pikipiki. Alfajiri niliona matairi ya kaka yako Sadallah yamelegea, nikamhurumia, nikayajaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka yakawa magumu kama jiwe. Kumbe aliyapunguza upepo makusudi, yashike mawe ya mtoni yasiteleze! Fundi Fikirini kaniambia sasa hivi, na kaka yako keshaondoka bila kuyaangalia. Na huko juu mvua imenyesha.

Baba akirudi ~~mwambie nimekwenda sokoni~~ mwambie ukweli. Mtandikie kaka yako kitanda, uchemshe na maji.

Jana nilimfokea, "Uanguke siku moja uiache hiyo pikipiki!" Ee Mola, zilikuwa hasira tu.

Mama