Siku Mzee Sigei Aliposikika Bahati

Jumatatu, asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya mtaa wetu wa Rhonda, na baridi ni ile ya kukufanya ushike kikombe kwa mikono miwili. Mabega yananiuma. Mgongo unaniuma. Sauti imenikauka. Lakini nimeamka nikitabasamu peke yangu kitandani, nikaona afadhali niandike kabla wiki haijaanza kunisukuma.

Tamasha liliisha jana.

Kwa wale wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: kila mwaka, kwenye uwanja wa nyasi kule Bahati, katika shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu, watu hukutana siku mbili kusikiliza muziki wa kienyeji. Kuna kodiani, magitaa, filimbi, ngoma, na vikundi vya akina mama ambao hawahitaji kitu kingine ila makofi yao. Lilianza nikiwa msichana wa shule ya msingi. Nilipofika miaka kumi na tisa nikapata kibarua cha kukunja waya. Sasa nina thelathini na nne, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mimi Njoki ndiye nilikuwa fundi mkuu wa sauti. Fundi Maina, aliyenifundisha kazi hii, amehamia Nairobi, na kamati ikanikabidhi mitambo yote.

Najivunia. Wacha niandike tu hivyo bila kuzunguka.

Ila kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, na bila hilo hamtaelewa kwa nini najivunia.

Kuna mzee wa kutoka Elburgon anaitwa Mzee Sigei. Anapiga kibugandet, kile chombo cha nyuzi cha Wakalenjin, bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Amekuja tamasha karibu kila mwaka. Zamani alikuwa akipiga watu wanaacha kutafuna. Lakini miaka hii mitatu iliyopita amekuwa hasikiki. Anakaa pale jukwaani, vidole vinasonga, midomo inasonga, na huku chini watu wanaongea habari zao kana kwamba jukwaa liko tupu.

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wetu, Mwalimu Barasa, mwalimu mstaafu ambaye hana ubaya na mtu, alinionyesha ratiba. Mzee Sigei alikuwa amewekwa Jumamosi saa saba mchana, wakati kila mtu yuko kwenye foleni ya chakula. Dakika kumi.

“Njoki, mzee amechoka,” akaniambia. “Mwaka huu tumpe hizo dakika, tumshukuru, halafu tumwache apumzike nyumbani.”

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaenda nyumbani nikashindwa kula.

Kwa sababu mzee hakuwa amechoka. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Miaka mitatu iliyopita Fundi Maina alienda kunywa chai akaniacha kwenye mitambo. Mzee Sigei ndiye alikuwa jukwaani. Nikataka kuonyesha kwamba najua kazi. Nikaongeza sauti ya maiki yake, nikaongeza tena, na spika zikapiga yowe ambalo liliwafanya watoto walie. Watu wakaziba masikio. Halafu wakacheka. Mtangazaji akasema kwamba kile chombo kingefaa kufukuza ndege shambani, wakacheka zaidi. Mzee akasimamisha vidole. Akakigeuza chombo chake, akaitazama ngozi, akazitazama nyuzi, akashuka.

Baadaye alikuja nyuma ya jukwaa akamuuliza Fundi Maina, kwa upole kabisa, “Hii kitu yangu imeharibika?”

Maina hakuwa ameona chochote. Akamwambia labda ni ngozi imelegea.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika waya. Sikusema neno.

Tangu siku hiyo mzee akipanda jukwaani anapiga kama mtu anayepapasa yai. Anakaa mbali na maiki. Anaogopa lile yowe. Nimeliona hilo miaka yote mitatu, na kila mwaka nikajiambia si mimi fundi mkuu, si kazi yangu kusema. Mwaka huu kisingizio hicho kikaisha.

Alhamisi nilienda Elburgon. Nilibeba sukari na mkate, na maneno niliyokuwa nimeyapanga vizuri ambayo yote yalinitoka nilipofika langoni.

Nyumba ya Mzee Sigei ni ya mabanzi, zile mbao za pembeni ambazo viwanda vya kupasua miti huziuza bei ya chini. Mke wake, Mama Chebet, alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai ya maziwa mengi. Nikamwomba mzee anipigie kidogo, nikasema nataka kujua chombo chake kabla ya Jumamosi. Akaketi kwenye benchi ya mbao iliyoegemea ukuta, akaweka kibugandet kwenye benchi kando ya paja, akakipiga.

Mungu wangu.

Nyumba nzima iliitika. Sauti iliingia kwenye benchi, ikapita ukutani, nikaihisi mgongoni mwangu kupitia zile mbao. Vikombe vilikuwa vikitetemeka kwenye rafu. Nikakaa na chai yangu mkononi kama mjinga.

“Hapa ndivyo hupiga,” Mama Chebet akasema. “Huko kwenu ndio huogopa.”

Hapo nikajua sina pa kukimbilia. Nikaweka kikombe chini.

“Mzee, ile siku spika zilipiga kelele, watu wakakucheka, haikuwa chombo chako. Ni mimi. Niliongeza sauti kupita kiasi. Na ulipokuja kuuliza, nilikuwa hapo, nikanyamaza.”

Akaangalia mikono yake. Mama Chebet akaacha kukoroga sufuria.

“Ngozi nimebadilisha mara mbili,” mzee akasema. “Mara ya pili nilichinja mbuzi jike, alikuwa bado anazaa. Nyuzi nimebadilisha sijui mara ngapi.” Akainua macho. “Kwa hivyo ile ngozi ya kwanza ilikuwa sawa?”

“Ilikuwa sawa, mzee.”

“Na vidole vyangu?”

“Vilikuwa sawa.”

Akasimama akatoka nje. Nilimwona kupitia mlango, amesimama kwenye boma la ng'ombe, ameipa nyumba mgongo. Nikamwambia Mama Chebet labda niende. Akasema, “Kaa. Ukienda sasa utakuwa umemwachia mzigo.” Nikakaa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Chai ikapoa, ikafanya utando.

Aliporudi hakuongea habari ya kosa langu tena. Aliuliza tu kama jukwaani kuna benchi. Nikamwambia huwa tunaweka kiti cha plastiki, juu ya zulia. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia mgonjwa amekuwa akimeza dawa gani.

“Basi utabeba hii,” akasema, akagonga benchi. “Wewe mwenyewe.”

Nikaibeba mimi mwenyewe, kutoka nyumbani kwake mpaka barabarani, na watu wa Elburgon wakinitazama.

Jumamosi kulikuwa na mawingu na upepo mbaya, ule unaoingia kwenye maiki na kufanya kila mtu asikike kama anaongea ndani ya ndoo. Nilifika Bahati mapema. Nikatoa zulia linalomeza sauti. Nikapanga mbao chini, nikaweka benchi juu ya mbao. Nikafunga maiki moja ndogo chini ya benchi, nyingine karibu na pale ngozi ilipo, nikazifunika na vipande vya blanketi. Vijana wangu wawili wa waya walidhani nimepagawa.

Saa sita na nusu nikaenda kwa mama wa juisi. Blenda yake iko karibu na jukwaa, na inanguruma kuliko trekta.

“Mathe, naomba uzime dakika kumi tu, saa saba.”

“Saa saba? Ndiyo saa yangu ya kuuza!”

“Najua. Nakuomba.”

Akaniangalia juu mpaka chini. “Nitazima. Lakini nikisikia hakuna kitu, nawasha.”

Nikaona hiyo ni haki.

Kisha nikafanya jambo ambalo miaka kumi na tano sijawahi kulifanya. Mafundi wa sauti hatuongei jukwaani. Tunasema “moja, mbili, jaribio” asubuhi, basi. Lakini saa saba ilipofika, mtangazaji alipokuwa anajiandaa kumwita mzee, nikamwomba maiki. Sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka kwa spika ilinitisha.

Nikasema jina langu. Nikasema kwamba miaka mitatu iliyopita, hapa hapa, watu walimcheka Mzee Sigei kwa sababu ya kelele, na kelele hiyo ilitoka kwenye mkono wangu, si kwenye chombo chake. Nikasema amepiga kwa hofu tangu siku hiyo kwa sababu mimi nilinyamaza. Nikawaomba wasogee karibu.

Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi. Kisha mzee mmoja mwenye kodiani, mmoja wa waliotangulia kupiga asubuhi, akabeba kiti chake akakileta mbele kabisa, akakaa. Wengine wakafuata na sahani zao za pilau.

Mzee Sigei akapanda. Akaketi kwenye benchi yake. Alianza polepole, kwa ile tabia ya kupapasa. Nilikuwa nimefanya kila kitu, na bado hofu ilikuwa vidoleni mwake. Akanitafuta kwa macho kule nyuma kwenye mitambo.

Nikainua mikono yangu yote miwili juu, aone kwamba sishiki chochote.

Akainamisha kichwa. Akapiga.

Sijui niandike vipi. Sauti ilitoka nzito na yenye joto, na ikatambaa kwenye nyasi mpaka miti ya mpaka wa shamba. Wimbo wake ni wa mito. Sijui Kikalenjin, lakini Mama Chebet, aliyekuja na mumewe, alikuwa ameketi karibu nami, akanieleza sikioni: anataja kila kijito ambacho mama yake alichota maji, kutoka msitu wa Mau kushuka hadi chini, na kwenye vile vilivyokauka anapiga tu, hataji jina. Kila alipopiga bila kutaja, akina mama wazee waliokuwa kwenye umati walijibu kwa sauti ya chini, mmm, kama watu wanaopokea habari za msiba.

Blenda haikuwaka. Niligeuka nikamwona mama wa juisi amesimama mbele ya meza yake, ameshika embe na kisu, hamenyi.

Dakika kumi zikapita. Bendi iliyokuwa inafuata ilikuwa tayari pembeni na magitaa. Mwalimu Barasa akaniangalia, nikamwangalia. Kiongozi wa bendi akaweka gitaa lake kwenye nyasi akakaa chini. Hakuna aliyemwambia mzee ashuke. Alipiga karibu nusu saa, na alipomaliza hakuna aliyepiga makofi mara moja. Yalichelewa kidogo, halafu yakaja yote pamoja, na yule mzee wa kodiani alikuwa amesimama.

Nililia. Naandika kwa sababu vijana wangu wameshanitangaza kila mahali.

Jioni Mwalimu Barasa alikuja nikiwa nafunga vyombo. “Mwakani atafunga siku ya kwanza,” akasema. “Saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo. Na wewe ndiye utapanga jukwaa lake.” Kisha akaongeza kwamba angependa ningemwambia ukweli mapema. Nikasema hata mimi.

Jana usiku sikufikiria makofi. Nilifikiria yule mbuzi, na miaka mitatu ya mtu mzima kuamini vidole vyake vimemtupa. Kukiri kwangu Jumamosi hakurudishi hiyo miaka. Najua. Fahari niliyo nayo asubuhi hii ina huo uzito ndani yake, na nadhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Lakini ni fahari. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema ni mimi. Na nilijua kazi yangu.

Kabla mzee hajaondoka jana aliniita kando. Mama Chebet alikuwa ameshapanda gari, anamharakisha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ile ngozi ngumu ya ncha za vidole ikinikwaruza.

“Mahindi yakikomaa, uje nyumbani,” akasema. “Usije na maiki. Usije na waya. Uje tu ukae, usikilize.”

Nimekunywa chai nikaenda kwenye kalenda ya ukutani. Sijui mahindi ya Elburgon yatakomaa wiki gani, kwa hivyo nimeandika kwa wino mwekundu kwenye mwezi mzima wa mavuno, kutoka ukingo mpaka ukingo:

Kwa Mzee Sigei. Mikono mitupu.