Wimbo wa Jerotich, Usio na Maneno

Jumapili, 5 Novemba 2006

Columbia. Ukungu juu ya ziwa mpaka saa nne. Kanisani, Bilha na kwaya yake wameimba tena ule wimbo wa Jerotich wangu. Mwaka wa tatu tangu tumzike, na bado ukianza nageuka kumtafuta huko nyuma, kwenye viti.

Baada ya ibada Rena alikuwa akinisubiri mlangoni pamoja na Bilha. Rena ni mwimbishaji wa sinagogi. Jengo ni moja — wao Ijumaa jioni na Jumamosi, sisi Jumapili, ukuta wa kukunja katikati. Wanatoa CD ya nyimbo zao, akataka idhini ya kanisa kwa mmoja. Kwenye jalada wameandika: wimbo wa jadi, Afrika Mashariki. Akauimba kidogo, bila maneno, kama wapendavyo wao. Ni ule ule!

Bilha akacheka. Huo si wetu, dada, ni wenu, sisi tuliusikia ukutani tukautia Kiswahili. Rena naye akashangaa: wao waliusikia kwetu. Wakawa wanasukumiana kama wageni na kipande cha mwisho cha nyama.

Nikasema ni wa mke wangu.

Rena akasema kama mtunzi yupo, basi neno jadi litoke. Jina lake liandikwe, na warithi waridhie. Akanipa fomu.

Jumanne, 7 Novemba

Nimejiuliza kama najua au natamani tu. Najua. Majira ya baridi ya kwanza katika nyumba hii, alikuwa akikunja nguo na kuimba mdomo umefungwa. Leo kipande, kesho kipande kingine. Nikamwuliza ni wimbo wa wapi. "Wa hapa hapa," akasema. "Nautengeneza tu, mikono isichoke." Baadaye akauhamishia kwenye viti vya kanisa. Kila Ijumaa mchana, kwaya ikishamaliza mazoezi, alibaki kuvipanga peke yake. Hakutaka msaada wa mtu.

Jadi! Jadi haivai viatu namba thelathini na nane. Jadi haiunguzi ugali kwa kusoma gazeti.

Binti yetu Audrey amepiga simu kutoka Herndon, kwa Kiingereza kama kawaida. Weka sahihi, Baba, mama apate jina lake. Nimeweka. Mtunzi: Jerotich Mutai. Mwandiko wangu bado mzuri.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimesahau kwamba saa zimerudishwa nyuma. Siku hizi jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Nimefika na fomu, mishumaa ya Sabato imekwisha kuwashwa. Rena akaweka mikono nyuma, kwa upole. Hawapokei karatasi za kazi wala hawaandiki, mpaka kesho nyota zitoke. Akanikaribisha niketi basi, nisikilize.

Nikaketi. Wimbo ukaja. Watu wamefumba macho, madirisha yamegeuka buluu. Ulipofika pale Jerotich alipokuwa akiishia — haukuisha. Mzee mmoja mstari wa mbele akauchukua peke yake, kwa sauti ndogo isiyoweza kusikika upande wetu wa ukuta, sisi tukiwa wengi na wenye haraka. Ukapanda kama moshi pasipo upepo, ukageuka, ukashuka taratibu. Sehemu ile sijapata kuisikia maishani.

Anaitwa Lipsky. Ndiye hupanga vitabu vyao vya sala Ijumaa mchana. Nikamwambia mimi ni nani. Akanishika mkono, hakuuachia. Hakuwahi kumwona Jerotich hata siku moja. Alimjua kwa mlio wa viti.

"Alikuwa akiishia pale, kama mtu aliyeacha mlango wazi," akasema. "Nikawa namjibu. Naye alikuwa ananisubiri nimalize, ndipo anaanza upya."

Ananisubiri.

Hakuniambia kamwe.

Jumamosi, 11 Novemba

Usingizi wa mchana. Nimeota viti vinajipanga vyenyewe, vikiimba. Nina miaka sabini na nne, na ninauonea wivu ukuta.

Jumapili, 12 Novemba

CD inakwenda kiwandani kesho, Rena anaifuata fomu leo. Lipsky amemwambia jina lake lisiwekwe, yeye alijibu tu. Audrey anasema basi, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba alisubiri. Mtu hasubiri kitu kisichokuwa cha wimbo wake.

Kwaya imeondoka. Nimepanga viti mwenyewe, mstari umepinda. Naandika haya hapa hapa, fomu iko kwenye kiti cha mbele yangu. Baada ya jina la Jerotich kuna nafasi, nikiandika herufi ndogo inatosha jina la pili.

Upande wa pili kuna mtu anapanga vitabu. Jumapili? Labda ni kwa ajili ya darasa la watoto wao.

Nimeuimba mwanzo, mdomo umefungwa. Nimeishia pale Jerotich anapoishia.

Vitabu vimeacha kugonga meza.

Nasubiri.