Mashine Iliyoachwa Ikiunguruma

8 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui sana siku hizi. Mimi mzima. Naenda kliniki, naosha vyombo vya daktari wa meno, narudi nyumbani. Ndio hivyo.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Silalamiki. Tangu tumzike mwanao hatujasemezana, na ningeweza kuendelea kunyamaza, ila kuna jambo siwezi kuliamua peke yangu. Mwenye nyumba anataka kuvunja kuta agawe vyumba upya. Amenipa hadi mwisho wa Aprili nihame. Vitu vya mume wangu nimevipanga, nguo, viatu, vitabu. Kimebaki kimoja, ile mashine yake ya muziki.

Hujawahi kuiona. Si kinanda, haina pa kupiga kwa vidole. Ni kabati la mbao kama begi la safari, limejaa vipande vya bati vyenye vitufe vya kuzungusha na matundu, na waya za rangi zinatoka tundu hili kuingia lile, kama mtu aliyekuwa anafuma akachoka njiani. Yeye alikuwa anaiita sintesaiza. Akitoka ukumbini, baada ya kutwa nzima kuwafungia watu wa maigizo spika, alikuwa anakaa mbele yake mpaka chakula kinapoa.

Asubuhi ile, kabla moyo wake haujasimama kule kazini, aliondoka ameiacha imewashwa. Bado inaunguruma. Umeme ukikatika inanyamaza, ukirudi inaendelea pale pale. Sijaigusa. Mashine hii haikumbuki kitu, Mama. Waya zilivyochomekwa ndiyo sauti yenyewe. Ukichomoa, imekwenda na hairudi. Nimejaribu kuirekodi kwenye simu, inasikika kama friji. Nikihama itabidi nichomoe.

Niambie nifanyeje.

Mkweo.


27 Februari

Mke wa mwanangu,

Marahaba. Barua nimepata. Goti ni lile lile, siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Wengine wote wazima, wifi yako anakusalimu.

Nguo wape wenye shida nazo. Viatu usimpe mtu ninayemjua, nisije nikavikuta barabarani vina miguu mingine. Na hilo dude lako mimi nitasema nini? Mimi mkunga. Ninachokijua kinachounguruma ni tumbo.

Na kwa kuwa umeanza kuandika, nami niandike. Siku ile nilikwambia mbele za watu kwamba una jicho kavu kama kokwa. Wenzako walikuwa wanabebwa, wewe umesimama pembeni unahesabu viti. Mwanamke anazika mume, halafu anauliza kama viti vya kukodi vimetimia! Wifi yako ananiambia nikuombe radhi. Sijafika huko. Bado limenikaa hapa kooni.

Lakini nami nina swali. Alikuwa anatengeneza nini humo ndani? Wimbo? Kitinda mimba wangu, nimemtoa tumboni kwa mikono ya mwenzangu, nimemlea, na sijui hata alikuwa anapiga nini.

Mama wa marehemu.


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia huko hazikati. Mimi mzima. Wifi mrudishie salamu.

Swali lako sikuweza kulijibu, nikamwita fundi taa, yule aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu ukumbini. Yeye naye anazijua mashine hizi. Alikuja na kofia yake mkononi, hakutaka kuketi. Akanionyesha waya moja baada ya nyingine bila kuzigusa.

Kipande ambacho mume wangu alikuwa anakitumia zaidi, alisema, ni hiki cha springi. Waya mbili zinashuka kutoka kwenye kabati hadi kwenye kisanduku cha bati kilicholazwa chini ya meza, juu ya taulo letu kuukuu. Ndani mna springi tatu nyembamba, zimevutwa kutoka mwisho hadi mwisho na kushikwa kwa kulabu ndogo. Sauti inaingia upande mmoja, inazitikisa, inatokea upande wa pili imechelewa na inatetemeka. Ndiyo maana ukifumba macho unaona kama uko kwenye jumba kubwa tupu, kumbe ni kibati cha kuwekea biskuti. Kuna kitufe cha kupimia. Kushoto unapata sauti kavu, kulia unapata springi tupu. Mume wangu alikiacha kulia kabisa.

Tena springi zenyewe zinasikia. Lori likipita barabarani zinavuma. Nikitembea, zinavuma. Nikifunga mlango kwa nguvu inatoka radi mpaka jirani anagonga ukuta. Taulo linapunguza tu. Kwa hiyo sauti yake haijawahi kuwa ile ile siku mbili. Nikitoka kazini nakaa naisikiliza. Wakati mwingine naona kama kuna kitu kinasogea mle ndani, kama wimbo unaotaka kuanza. Halafu nagundua ni lori.

Fundi taa hajui ulikuwa wimbo gani. Mimi pia sijui.

Unanidai machozi, Mama. Sijayaficha popote, sina. Siku ile nilikuwa nasikia watu kama wako chumba cha pili. Nilihesabu viti kwa sababu kuhesabu nilikuwa bado naweza. Na mpaka leo niko hivyo hivyo. Daktari akinitania kliniki nacheka kwa sababu naona wenzangu wanacheka.

Mkweo.


30 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima, japo kwa maelezo yako uzima wenyewe wa kusukumwa.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya mto. Nikaisoma tena. Nikamsomea wifi yako, akaondoka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sasa nikuambie jambo ambalo hapa nyumbani hawalijui. Mimi nililia mpaka sauti ikaisha, kila mtu aliniona. Wasichokiona ni kilichofuata. Juzi nimeitwa kwa jirani, binti ana uchungu wa kwanza, mtoto amelala vibaya. Nikahangaika naye, nikamgeuza, akatoka salama, analia kama king'ora. Bibi yake akaniangukia miguuni. Mimi nikanawa mikono. Ningekuwa nimemenya viazi ingekuwa sawa tu. Kazi niliyoipenda toka usichana, na mtoto wa watu mikononi, na ndani yangu kimya. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza, huyu mke wa mwanangu nilimsimanga kwa ugonjwa ambao nami ulikuwa njiani kunifuata.

Basi usichomoe. Unanisikia? Usiguse hata waya mmoja. Nakuja mwenyewe niisikie kwanza hiyo sauti. Mvua zikipungua na goti likikubali, napanda basi. Nisubiri.

Mama mkwe wako.


21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mvua zimewaachia. Mimi mzima, nimeshahama. Anwani mpya nimeandika nyuma ya bahasha. Ni chumba kimoja juu ya duka la kushona mapazia, kina dirisha zuri.

Nimechomoa, Mama. Zote.

Nilikusudia kukusubiri. Ila mwenye nyumba aliwaleta mafundi wake kabla ya wakati. Nilirudi kutoka kliniki nikawakuta wanapiga nyundo ukuta wa jikoni, na mashine inapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Kila nyundo ilikuwa inaingia kwenye zile springi na kutoka kama jengo linaanguka. Mafundi wenyewe walikuwa wanacheka, wanagonga makusudi ili iitike. Nikawaomba waache. "Dada, hii redio yako ina mapepo," mmoja akasema, akagonga tena. Springi zikaruka kulabu. Na ule mvumo wote ukakatika pale pale.

Mle ndani mkawa kimya. Nikajua sauti kavu bado ipo, maana taa zilikuwa zinawaka. Nikakizungusha kile kitufe kushoto.

Ilikuwa noti moja, mlio mmoja tu. Ya chini, haipandi, haishuki. Nilikaa sakafuni katikati ya vumbi nikisubiri ibadilike, mafundi wakamaliza, wakaniaga, wakaondoka. Haikubadilika. Nikampigia fundi taa nikaiweka simu karibu na spika. Akasikiliza, halafu akaniambia taratibu, "Shemeji, hapo alikuwa anajaribu springi tu. Hata mimi nikitaka kuzisikia vizuri naweka noti moja namna hiyo. Alikuwa hajaanza."

Kwa hiyo hapakuwa na wimbo. Miezi yote hii nilikuwa nalinda noti moja, na kilichokuwa kinasogea mle ndani ni malori na miguu yangu mwenyewe.

Nikachomoa. Nilizikunja waya kwa rangi zake, nikazifunga na uzi. Nilidhani hapo ndipo nitalia. Nikatafuta sanduku la kubebea.

Najua ulinikataza. Sina la kujitetea.

Mkweo.


9 Juni

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama. Basi liliharibika njiani, tukashushwa tukasimama juani, lakini nilipata kijana mstaarabu akanipa begi lake nikalie. Wifi yako anasema nimenenepa. Anadanganya vizuri.

Uliniuliza mlangoni wakati naondoka kwa nini barua yako ya mwisho sikuijibu, nikajifanya natafuta tiketi. Nakujibu sasa. Nilikasirika. Niliipasua ile barua pamoja na bahasha yake, nikaokota vipande kwa sababu anwani ilikuwa nyuma ya bahasha. Nilipanda basi kuja kwako nimejaa maneno kama gunia. Njia nzima nayapanga, hili nitaanza nalo, hili nitamalizia.

Halafu nikagonga, ukafungua, na ulikuwa umevaa sweta kinyume, mshono nje, na hujui. Nikasema nikae kwanza ninywe maji.

Uliponiuliza kama nataka kuisikia ile noti, nilikubali haraka. Nikukiri, nilikuwa naiogopa. Niliogopa iwe nzuri. Ingekuwa nzuri ningefanya nini, mwanangu? Ukachomeka, ukaiwasha, kavu, kama ulivyosema. Nikasikiliza. Kweli haina kitu. Ni mtu alikuwa kazini kwake, anajaribu chombo chake, anajua kesho ataendelea. Hapo nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu msibani.

Nimewahadithia hapa ulivyozirudisha zile springi kwenye kulabu kwa kindoano cha daktari wa meno. Hawaamini. Na habari ya kipaza sauti ulichokichomeka kwenye mashine pia nimewaambia. Uliponipa nikisemee, nikasema ninachosema kila siku: "Sukuma mama! Sukuma, usinilalie!" Na lile jumba kubwa likaitika, sukuma, sukuma, sukuma, kama wakunga mia wamezaliwa humo ndani. Ukaniambia nirudie, unageuza kitufe kidogo kidogo, mara niko mbali, mara niko sikioni. Ulikuwa umekunja uso kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Nikasema moyoni, huyu anaifanya kazi hii kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya maiti.

Hatukulia. Nilikuwa nakuchungulia, nawe ulikuwa unanichungulia, nikaona. Tuache kuviziana.

Yale maneno ya siku ya mazishi niliyasema mbele za watu, kwa hiyo jana nimewaita wifi yako na shangazi zake, nimewaambia mbele yao kwamba nilikosea. Shangazi mkubwa ameuliza kama nina homa.

Andika.

Mama yako.


30 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi umefika, na shangazi msalimie, mwambie homa imepona. Sweta nimeligeuza.

Habari ni hii. Fundi taa alikuja na ombi. Ukumbini wana igizo jipya, kuna dhoruba katikati, na fundi wa sauti waliyempata hawezi kuipiga. Nilikataa. Akasema, "Basi njoo uangalie tu," nami nikaenda na mashine, kwa hiyo nadhani sikukataa.

Wamenipa meza pembeni ya jukwaa, palepale alipokuwa anakaa mume wangu. Kiti ni kile kile. Nilikaa. Upepo naufanya kwa kile kipande kinachotoa sauti kama maji ya bomba, naupitisha kwenye springi, kitufe katikati. Nikikipeleka kulia sana upepo unakuwa mbali na watazamaji hawaogopi. Radi ni rahisi. Nainama chini ya meza, nakigonga kisanduku kwa kidole kimoja, basi. Kikipigwa kofi inakuwa kubwa mno, mwigizaji mmoja alisahau maneno. Jumamosi ndipo tulipofungua igizo. Nilipogonga, mwanaume mmoja safu ya mbele aliinua macho akaangalia dari, akavuta koti.

Sikusikia fahari. Usije ukadhani nimepona ghafla, ukaanza kutangaza. Niliona tu kwamba imefanya kazi, nikafunga waya, nikarudi.

Jambo lenyewe nililotaka kukuandikia ni dogo, utanicheka. Jana nilipika maharage. Nikajipakulia, nikala kijiko kimoja, nikatema. Chumvi ilikuwa imezidi, Mama, haifai hata kwa mbwa. Nikasimama pale jikoni na kijiko mkononi. Toka tumzike nimekuwa nakula kinachokuja, sijui kina chumvi au hakina. Wenzangu kliniki walishawahi kusukuma sahani zao kando, nami nikamaliza yangu. Jana nimeijua.

Nikamwaga yote. Nikachambua mengine, nikayapika upya, nikaonja, nikaongeza kidogo, nikaonja tena. Yalichukua muda. Nikala nikashiba.

Mwanao.