Papa Odile, Mukono Yako Haikuua Aparei

Papa Odile, bwana wangu,

Wewe ulisema mbele ya batu, pale pa mulango ya kanisa. Na mi naandika mbele ya batu. Ulisema: "Mukono yangu imeua aparei ya foto." Toka ile siku hukupiga tena hata foto moja, mpaka tukakuzika. Mutaa yetu muzima ya Dilala ikaamini. Hata leo bakitaja jina yako banasema, "Ule fotografe mwenye mukono ya kutetemeka." Inaniuma. Njo maana nimekamata kalamu. Masomo yangu unaijua, niliishia mwaka ya tatu. Ukiona makosa, unyamaze.

Unakumbuka ndoa ya kule Fungurume, penye ulienda kupiga foto? Mvua ilikunyeshea mpaka mu viatu. Ulifika ku nyumba unasema aparei iliponyoka mu mukono, ikaanguka mu matope. Nikakugombeza: "Mutu muzima anashindwa kushika kitu ya kilo moja!" Ukaiwasha pale pa meza. Ikawaka. Ukanipiga foto, kinywa wazi, bado nakugombeza, ukacheka mpaka ukakohoa. Shika hiyo mu kichwa: iliwaka.

Kesho yake, hapa Dilala, bibi arusi anatoka mu kanisa, unafinya kitufe ya kupiga. Hapana kitu. Unafinya tena. Bamama balibaki na vigelegele mu kinywa, banangojea. Ukaangalia mukono yako, ukasema yale maneno.

Na hapa nakugombeza tena, hata uko mu udongo. Ni wewe ulifundishaka Numbi, mujukuu wetu, ile kanuni ulitoaka ku karakana ya mugodi, kule ulitumikaka: "Kitu ikikufa, usilie. Anza na ile nyepesi." Redio, pasi, torshi ya jirani, yote ulianzaka na ile nyepesi. Aparei yako mwenyewe, ukaanza na kulia. Bwana gani ule!

Numbi hakulia. Mwezi uliopita alitoa aparei mu sanduku yangu bila kuniuliza, mi nkambo yake.

"Weka! Ni kitu ya marehemu."

"Nkambo, marehemu aliitumikisha. Wewe unaichunga kama mufupa."

Ulimi ule ni wako, haukutoka kwangu.

Alijaza batri mpaka taa ikageuka kijani. Aparei kimya. Akaenda kwa rafiki yake mwenye aparei kama yako, akaingiza batri yako mule: ikawaka. "Basi batri haina makosa," anasema. Akakamata gome ya shule, ile ya kufuta kalamu, akasugua bile byuma bidogo penye batri inagusa, bikang'aa. Kimya. Nikamuambia, "Umeona? Ni mukono ya nkambo yako, Papa Odile." Alikuwa anafungua kamulango ka batri, anafunga, anafungua, kama mutoto anacheza. Kumbe kale kamulango kako na kaulimi. Kaulimi kanaingia mu katundu kadogo, kanafinya kitufe ndani. Kasipofinya, aparei inafikiri mulango iko wazi, inakataa kuwaka. Akaingiza kijiti ya kiberiti mule mu katundu.

Aparei ikalia *tii*, ikafungua jicho.

Niliikala chini, Papa Odile.

Akachokora pole pole. Kukatoka kitu nyeupe, ngumu kama ukoko ya bukari, ugali ya kukauka mu chungu. Akanusa. "Nkambo, hii ni unga. Nani aliweka unga mu aparei?"

"Fanya kazi yako," nikamuambia.

Na kazi anafanya! Jumapili alipiga foto ya komunyo ya kwanza, bamama bamepanga mustari mpaka ku barabara, bamotari ba pikipiki banasimama kuangalia. Mama mumoja akauliza, "Kumbe aparei ya muzee iliponaka?" Numbi akajibu, "Muzee alisema tuanze na ile nyepesi." Kifua yangu ilijaa mpaka bulauzi ikanibana.

Lakini ile unga. Siku ya mvua, ulipoenda kuoga, niliogopa maji imebaki ndani. Banasema simu ikilowa, weka mu muchele. Muchele hatukukuwa nao. Nikafungua kamulango ka batri, nikazika aparei mu beseni ya unga ya muhindi. Kabla utoke kuoga, nilikuwa nimeisha kuipanguza na liputa, kitenge yangu, na kuirudisha mu mufuko. Sikusema kitu. Pale pa kanisa, unga ilinipita mu kichwa. Nikaifukuza. Miaka yote ile, wewe umeikala pa kiti unaangalia mukono yako, mi nikawa naifukuza.

Siombake musamaha, unanijua. Nasema tu ile iko kweli. Mukono yako ilitetemeka, lakini haikuua kitu. Ni mukono yangu iliua, ile haitetemeke.

Na foto yako ya mwisho ingali mule ndani. Numbi ameitoa ku karatasi, kubwa. Kinywa yangu wazi kama mamba, nywele inasimama. Nimeitundika pa mulango, penye kila mutu anaingilia. Banicheke, hapana neno. Mi nawaambia basogee karibu, baangalie vizuri: hata lile jino langu lililovunjika linaonekana. Hakuna penye foto imetetemeka.

Lala sasa, fotografe.

Mi bibi yako,
Mama Odile