Jina Lako Lilitajwa kwa Marehemu

Kizwite,
Sumbawanga.
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mpendwa kaka Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua siku hizi salamu hiyo huiitikii, lakini nimelelewa nayo kama wewe na sina nyingine ya kuanzia. Basi, shikamoo kaka. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Huko Kipili unakula nini, na ukiumwa nani anakuchemshia uji? Ningekuuliza haya kwa simu, ila simu yako haipatikani tangu mwezi wa tisa. Gabriel, yule dereva anayeleta samaki wa migebuka sokoni kwetu, ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Sisi ni wazima, ila mimi nimechoka, kaka. Timoth ana miezi mitano, anaota meno, halali wala halazi mtu. Shemeji yako Mathias yuko Kasesya anaendesha bodaboda, humwoni hapa mpaka mwisho wa mwezi. Mvua zimeanza, kwa hiyo nashinda shambani napanda mahindi na mtoto mgongoni, na nikirudi kuni zimelowa. Juzi nilisinzia nikiwa nasonga ugali. Aliyenishtua ni mwanao Rahel: "Shangazi, kanga inaungua!" Kweli, pindo lilikuwa limeshaanza kushika moto.

Rahel amekua. Ana meno mawili mapya mbele, makubwa kuliko mdomo. Shuleni anajitahidi. Tabasamu ni la marehemu wifi Fransiska kabisa, ila ubishi ni wako.

Sasa nikuambie kilichotokea, kwa maana nisipokuambia mimi utakisikia kwa wauza samaki kikiwa kimeongezwa chumvi.

Unakumbuka mwezi huu kwenye sala za jumuiya kila mtu huwataja marehemu wake. Jumamosi ya kwanza sala zilikuwa nyumbani kwa baba, mimi na watoto tukalala hukohuko. Baba akaanza na babu, akamtaja bibi, akamtaja Fransiska. Halafu akasema kwa sauti ileile, "Na mwanangu Flavian." Watu wakaitikia kwa mazoea. Mama akafunika uso na kitenge. Mimi nilikuwa nanyonyesha pale pembeni, nikadhani usingizi umenichukua na naota.

Kesho yake alfajiri mama Cornelia, yule jirani wa nyumba ya bati jekundu, akaingia uani na mzigo wa kuni kichwani na kopo la sadolini lenye unga mkononi, analia kwa sauti. "Jamani, mbona hamkutuita? Maiti inatoka lini ziwani?" Nikamwambia hakuna maiti. Akanikazia macho. "Wewe Otilia, msiba haufichwi. Nimetembea na kuni hizi tangu kule bondeni." Nyuma yake walikuwa wanakuja wanawake wengine watatu, na mmoja alikuwa ameshajifunga mkaja wa matanga. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikakosa nguvu ya vyote viwili. Nikachemsha chai.

Baba hakutoka ndani. Mama alipomfuata alijibu hivi: "Sijasema amekufa mwili. Nimesema ninachokijua. Mtu aliyesimama kwenye kaburi la mkewe akasema Mungu hayupo, akamwacha mtoto, akaenda kunywa ufukweni, huyo ana tofauti gani na marehemu?"

Katekista Eustaki aliletewa habari, akaja Jumamosi iliyofuata. Hakumfokea baba. Alimuuliza mbele ya jumuiya nzima, "Mzee Fabiani, huyu Flavian umemzika wapi?" Katekista akasema, "Kifo cha roho kipo, Mzee, hilo sikukatalii. Mtu anakula, anatembea, anacheka na wenzake, na ndani hamna uhai. Lakini maiti ya namna hiyo haizikwi. Inaitwa."

"Nimemwita mara ngapi?" baba akasema.

"Umemwita, au umemfokea?"

Watu wakacheka, hata mama. Baba hakucheka, ila alivua kofia.

Kaka, mimi nimeishia kidato cha pili, sina elimu ya dini ya kukufundisha wewe uliyekuwa mtumishi wa altare. Lakini maneno ya katekista nimeyabeba shambani wiki nzima. Wewe hukufa siku ile kwa sababu uliwaza mabaya. Ulikuwa unaumia, na mtu anayeumia husema lolote. Tatizo ni kwamba uliondoka na lile neno ukalifanya nyumba, ukaingia, ukafunga mlango. Hata mwanao yuko nje ya mlango.

Na usidhani wenzako tulibaki hai kwa urahisi. Baada ya kumzika Fransiska, mimi niliendelea kwenda kanisani, nikaendelea kuimba, na ndani palikuwa pakavu. Nilisali kama mtu anayekung'uta gunia tupu. Asubuhi moja, nikiwa napepeta ulezi, nilisema tu, Bwana, mimi sina kitu tena, nishike wewe. Hakuna kilichotetemeka. Sikusikia sauti. Ila siku ile nilianza kuwahurumia watu tena, nikamkumbuka Rahel, nikaenda kumchukua kwa mama aje aishi nami. Basi. Uzima mpya niliopewa mimi ni huo, haukuja na vigelegele, na bado nalala nikiwa nimechoka. Lakini si wangu, nimepewa, na kila asubuhi naukuta upo.

Kwa hiyo usinijibu kwamba utarudi ukishajiweka sawa. Mfu hajioshi mwenyewe, kaka. Yesu hakumngoja mtu apate uhai kwanza ndipo amwite. Anamwita akiwa vilevile alivyo, na kumwamini kwenyewe ni kule kuitika tu, hata kwa sauti ya kukwaruza.

Sasa jambo lililonifanya nikalishe mwili huu nikuandikie. Siku baba alipokutaja, Rahel alikuwa amekaa mkekani mbele yake. Tangu siku hiyo, tukisali jioni, anaongeza mwenyewe, "Na baba umpe raha ya milele." Kisha akaniuliza kama ulizikwa karibu na mama yake.

Nimemwambia wewe ni mzima, unavua samaki Kipili. Hataki. "Babu hadanganyi kwenye sala," anasema. Nikamwonyesha picha yako. Akasema hiyo ni ya zamani, hata mama yake ana picha. Nikapiga simu yako mbele yake ili asikie sauti, ikawa haipatikani, na nikaona nimeharibu zaidi.

Jana kwenye jumuiya baba aligeuza maneno. Alipomaliza kuwataja marehemu aliongeza, "Na wote walio safarini, pamoja na Flavian wetu." Kwa baba hilo si dogo, wewe unamjua. Nilidhani mambo yamekwisha. Rahel akanivuta kanga: "Shangazi, kwani maiti wanasafiri?"

Nimeishiwa, kaka. Sina jibu lingine la kumpa mtoto huyu isipokuwa wewe mwenyewe.

Timoth atabatizwa Jumamosi, tarehe ishirini Desemba. Msimamizi wake atakuwa Abeli, mdogo wake Mathias. Nilitamani uwe wewe, lakini kwa sasa huwezi, na sitakubembeleza kwa uongo. Ukitaka kuungama, padre yupo, na katekista amesema atakusindikiza. Ukiwa huwezi bado, njoo hivyohivyo na harufu ya samaki, ukae benchi la mwisho karibu na mlango. Baba hatasema neno. Akisema, atajibiwa na mimi.

Ila usiahidi kupitia kwa Gabriel halafu usije. Mtoto akiambiwa baba anakuja, akakaa barabarani mpaka giza, jioni yake atakuombea raha ya milele tena, na safari hiyo mimi sitamkatiza.

Mama anakusalimu sana, ameweka unga wa ulezi pembeni, hataki tuuguse, anasema ni wako. Mathias anakusalimu kutoka Kasesya. Mama Cornelia naye anakusalimu, anasema kuni zake tumezichoma bure na anakudai umwonyeshe uso wako. Baba hajanituma salamu, ila ameniuliza mara mbili kama barua nimemaliza.

Mungu aliyemtoa Mwanawe kaburini akuite kwa jina lako, nawe usikie, uinuke, uje kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyechoka kwa mengi lakini si kwa kukupenda,

Otilia

Rahel ameniona naandika, akauliza namwandikia nani. Nimemwambia. Akasema kama kweli upo, usilete zawadi, uje tu akushike mkono.